Ushahidi Kwamba Shangazi Yu Hai

Siku niliposoma kwamba shangazi yangu Athanasie amefariki dunia, shangazi mwenyewe alikuwa jikoni kwake Kibagabaga, hapa Kigali, akiyalaani maharage yaliyokataa kuiva. Niliisoma habari hiyo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili ambayo mimi na wenzangu tunaiandika bure baada ya kazi, kwa kuwa hatujapata starehe nyingine ya kutupotezea muda. "Alikuwa mtangazaji wa redio," makala ilisema. "Alifariki mwaka 2019." Nilicheka. Nikamsomea hukohuko jikoni, nikitegemea naye acheke.

Hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Na Audace je, akisoma?" aliuliza.

Audace ni mdogo wake, baba yangu mdogo. Sisi ni watu wa Bukoba kwa malezi. Tuliporudi Rwanda, Audace alikuwa kijana asiyetulia. Akavuka kwenda Kongo na biashara ya vitenge, vita vikalipuka, na tangu hapo kimya. Shangazi alikuwa na kipindi cha salamu redioni, na kila alipokifunga alisema, "Na wewe Audace, popote ulipo, dada yako nipo." Alisema hivyo mpaka alipostaafu. Hakuhama nyumba, hakubadilisha namba ya simu. Aliamini kwamba iko siku Audace, au mtoto wa Audace mwenye simu nzuri, ataliandika jina lake mtandaoni kumtafuta. Kwa hiyo halikuwa jambo la kuchekesha. Ukimtafuta ndugu yako ukaambiwa alishakufa, unaacha kutafuta.

Niliufuta mstari ule palepale, nikala maharage magumu, nikarudi kwangu. Kesho yake mstari ulikuwa umerudi.

Aliyeurudisha ni Dennis, Mkenya wa ofisi ya bima kule Muhima, mmoja wa kikundi chetu cha wahariri wa Kigali. Dennis si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angekuwa mshenzi ningejua la kumfanya. Dennis ni mtu wa sheria. Kila kinachoandikwa lazima kiwe na chanzo, yaani gazeti au kitabu cha kukithibitisha, na yeye chanzo alikuwa nacho: gazeti moja la mtandaoni lilikuwa limeandika juu ya sauti za redio zilizonyamaza, na shangazi lilimhesabu miongoni mwa marehemu. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na shangazi tu.

Nikafuta, akarudisha. Nikafuta tena, safari hii nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, ule ulio nyuma ya kila makala, ambako ndiko tunakogombania: "Huyu mama ni shangazi yangu na yu hai. Juzi nimekula kwake." Dennis akajibu kwa adabu kwamba chakula si chanzo. "Tena kama ni shangazi yako," akaongeza, "sheria inakukataza kuigusa makala yake, kwa sababu una upande."

Nina upande! Ndiyo, ninao. Nilimwandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji, naye akaurudisha mstari wake.

Hapo ndipo Ambrose alipoingia. Ambrose ni Mtanzania, mwalimu, anakaa Kagugu. Ndiye mkabidhi wetu, yaani mwenye funguo za kurasa na mwamuzi wa magomvi, na ana sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Desturi ya wakabidhi ni hii: wakikuta wahariri wawili wanavutana, wanaufunga ukurasa wa makala mpaka hasira zipoe, majadiliano yakibaki wazi, na wanaufunga vilevile walivyoukuta. Hawaangalii nani mkweli, maana wakianza kuchagua, wanasema, watakuwa wameingia kwenye ugomvi. Ambrose aliukuta mstari wa Dennis umesimama. Akaufunga ukurasa shangazi akiwa marehemu.

Nilimpigia simu palepale.

"Dada Mukunde, pole sana," alisema. "Mimi nakuamini kabisa. Lakini leo nikifungua kwa kuwa nakuamini wewe, kesho atakuja mwingine niliyemzoea naye nimfungulie? Ni wiki moja tu. Tafuta chanzo."

"Nikuletee mwenyewe? Nimpakie kwenye pikipiki nimlete hapo Kagugu umshike mkono?"

"Hata nikimshika, dada yangu, mkono wangu si chanzo. Kawaombe wale wa gazeti wasahihishe."

Wiki ile nilipigwa danadana. Simu ya gazeti haikupokelewa, barua pepe hazikujibiwa. Mwishoni niliipata ofisi yao, chumba kimoja juu ya duka la vipuri Muhima, na ndani yake mhariri aitwaye Keith, mchangamfu, mdomoni chapati.

"Pole sana, sista," alisema. "Lakini hiyo habari sisi tulitoa kule kwenu. Ona." Akanifungulia ukurasa wetu kwenye simu yake. "Mpaka sasa bado iko hivyo. Nyinyi mukibadilisha, na sisi tunabadilisha. Hatuwezi kupinga chanzo yetu."

Ndipo nilipoelewa. Yaani mpita njia asiye na jina alituandikia uongo, au alimchanganya shangazi na mtu mwingine, sijui. Gazeti likanakili kwetu. Kisha sisi tukalichukua gazeti na kuthibitisha nalo tulichokiandika wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyedanganya kwa makusudi, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu kuuliza kama mama huyu anapumua. Nilishuka zile ngazi nikilia kwa hasira, watu wa dukani wakinitazama.

Niliyaandika yote kwenye majadiliano. Na Dennis, nimpe haki yake, alikwenda kuangalia tarehe. Akakuta kweli: mstari wetu ulitangulia, gazeti likafuata. Saa ile ile akaandika, "Nimekosea. Naiomba radhi familia." Ambrose akafungua ukurasa, Dennis mwenyewe akaufuta mstari wake na kuandika kwamba Athanasie anaishi Kigali. Akanitumia ujumbe kuuliza kama anaweza kwenda kumsalimia mama. Nilijisikia mwepesi mno, nikarudi kwenye majadiliano ili niwashukuru wote wawili, na niliyoyaandika kwa ghadhabu niyaombee msamaha.

Sisi wenyeji huandika chini kabisa, kila neno jipya baada ya lililotangulia, na macho yetu huenda chini. Mgeni hajui hilo, huandika juu. Ndiyo maana hakuna aliyeuona. Juu kabisa, kabla ya matusi yangu na adabu za Dennis, palikuwa na ujumbe ulioandikwa katikati ya wiki ile ya kufungwa:

"Jambo kwenu wote. Mimi ni Audace, mudogo wa Athanasie wa redio. Mujukuu yangu alinisomea hapa kama dada yangu alishakufa. Nilikuwa na haya ya kurudi mikono mitupu, ndiyo maana nilichelewa, lakini Pasaka hii nilikuwa nataka kuja. Sasa nitakuja kwa nani? Aksanti kwa wenye waliandika, angalau nimejua. Tutamufanyia misa siku ya Mungu."

Hakuna namba ya simu. Hakuna jina la mji.

Ambrose nilimpigia, nikamwambia tu atazame juu ya ukurasa. Alikwenda kutazama. Aliporudi, ile sauti ya kubembeleza haikuwapo tena.

"Hakujiandikisha," alisema. "Pana namba ya mtandao tu, ni ya Kongo. Unaweza kumwandikia kwenye ukurasa wa namba hiyo, lakini namba hizi, dada, hazikai na mtu. Leo anayo yeye, kesho kampuni ya simu inampa mwingine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Mukunde. Mimi nilifuata utaratibu."

Sikumtukana. Nilitaka sana kumtukana, nikatafuta kosa lake nisilione, na Dennis vilevile.

Niliandika chini ya ujumbe wa baba mdogo kwamba dada yake mzima, na namba ya simu nikaiweka. Lakini nani arudi kwenye tangazo la msiba kuuliza kama bado ni msiba? Niliandika pia kwenye ukurasa wa ile namba ya Kongo, na bado naandika. Mara moja nilijibiwa. Mtu aliniuliza mimi ni nani, na kwa nini namwita baba mdogo wakati yeye ni msichana wa shule.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya mtaa mzima ya kila mwezi, nilikwenda Kibagabaga. Jembe la shangazi lilikuwa bado na udongo, limeegemezwa mlangoni. Alinitilia chai ya maziwa kabla sijaketi.

"Eh, Mukunde, wamekubali?"

"Wamekubali, shangazi."

"Nisomee."

Nikamsomea makala yote, tangu Bukoba mpaka kipindi cha salamu, mpaka kustaafu. Alivaa miwani ingawa hakuwa anasoma yeye. Nilipofika mwisho alinyanyua mkono nisimame hapo.

"Hapo mwisho. Rudia."

"Kwa sasa anaishi Kigali."

Alikaa akiyatafuna maneno yale kwa sauti ya chini, ile sauti ya redio iliyoanza kukwaruza. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akanipiga begani.

"Afadhali," alisema. "Sasa Audace akiuliza, atajibiwa."

Nilikunywa chai yangu. Sikuweza kumwambia kwamba alishauliza, na kwamba tulishamjibu.