Reli ya Kano za Swala

Kila jioni fundi cherehani alifunika mashine yake, akabandika chai, kisha akawasha televisheni na ule mchezo wa video wa kuishi porini ili amtazame marehemu mumewe. Enzi za uhai wake mume aliupenda mchezo huo kupindukia, na alipokufa hakuona sababu ya kuuacha. Alikaa palepale kando ya moto wake, akichuna swala. Alianika kano za mgongoni, akazigonga kwa jiwe mpaka zikachambuka nyuzi, akazilowesha mdomoni, akazisokota pajani. Wachezaji wengine walibonyeza kitufe tu, kamba ikawa tayari. Yeye hakupenda njia za mkato, na kifo hakikumbadilisha.

Vikombe vikishaoshwa, kamba ilikuwa sakafuni chini ya televisheni, bado mbichi, ikinuka nyama. Ilisokotwa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hapakuwa na ubishi ni ya nani.

"Alipokuwa hai hata kifungo hakushona," alisema mama mkwe akiipapasa, maana macho yalishamtupa mkono. "Leo ndiyo kazi imemnogea."

"Mwache, mama. Anatuwaza."

Ngazi za jengo lao zilikuwa na nguzo tupu, bila reli ya kushikia. Mwenye nyumba aliahidi kuiweka tangu wao ni maharusi. Mume alianguka hapo akafa, na mama yake alishuka hapohapo kila asubuhi kwenda kuota jua, roho ya mkwewe ikiwa juujuu mpaka afike chini.

Kamba za jioni nyingi zilipotosha, fundi akazifunga nguzo kwa nguzo, juu hadi chini. Zilipokauka zilikaza kama chuma. Mama mkwe akashuka ameshika kazi ya mwanawe, akiongea nayo. Fundi alibaki mlangoni analia, kwa jinsi alivyompenda yule mumewe.

Mwenye nyumba alipopita, alizivuta kamba, akaziegemea kwa uzito wake wote, akauliza ni fundi gani aliyezisokota. Akaambiwa.

"Mungu amrehemu, anajua kazi," alisema. "Basi reli ya chuma haina haja tena. Mwambie anifanyie na jengo langu la pili. Huko nako juzi kaanguka mtu."

Fundi akampa vidonge vyake, hakubakiza hata kimoja. Mwenye nyumba alimsikiliza kwa adabu, akaaga.

Fundi alipanda mbio kumwambia mumewe asithubutu. Kando ya moto hapakuwa na mtu. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi akisikiliza televisheni, alisema amemsikia akichukua mkuki.

"Asikie watu wanaanguka, halafu akae? Unamjua."

Fundi alimjua. Akaketi kumsubiri.