Sukari Iliyopigwa Pasi

Mwanzoni nilidhani ni chaki. Sisi mafundi wa nguo tunatumia chaki nyekundu kuchora kwenye vitambaa vyeupe, na vipande vyake huzagaa sakafuni mpaka mtu avikanyage. Nilipoona doa kwenye pedali ya cherehani ya Dada, nilitaka kumwambia apanguse mguu asije akachafua gauni la watu. Kisha doa likaanza kuchuruzika. Chaki haichuruziki.

Dada hakuwa na habari. Alikuwa anamsimulia mteja wetu mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, kisa cha bwana aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, kisha akairudisha mwezi uliofuata ipanuliwe. Mwalimu alicheka mpaka akajishika mbavu. Dada naye anacheka, mguu wake unapanda na kushuka, na kila ukishuka doa linapanuka.

"Dada, simama."

"Ngoja nimalize pindo."

"Simama, nimesema!"

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akanigeukia kwa jicho la kumwonya mtoto mtundu. Pilipili, ndivyo anavyoniita, kwa sababu ya ulimi wangu. Nilipiga magoti chini ya meza, nikamshika mguu, nikaugeuza wayo juu.

Katika duka letu tunashona miguu mitupu. Aliyetufundisha kazi alikuwa hataki kuona kiatu kwenye pedali. Alisema fundi aliyevaa kiatu hajui mashine yake inataka nini. Tukazoea. Dada alijivunia hilo kuliko hata mishono yake. Aliweza kukwambia kwa wayo tu kwamba mkanda umelegea au mafuta yamekauka. Na kila siku sindano hukatika, vipande vikaruka, tukafagia tulivyoviona.

Kipande hicho hatukukiona. Kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, kichwa chake tu kinang'aa. Nyama iliyokizunguka ilikuwa imevimba na kuwa nyeupe, kama kidole kilicholowekwa majini kutwa nzima, na katikati kulikuwa na usaha. Harufu ilinifikia kabla sijakaribia vizuri. Sindano ile haikuingia siku hiyo, wala jana yake.

Dada aliinama akatazama wayo wake. Aliutazama kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani.

"Hiyo imeingia lini?" akaniuliza mimi.

Niliogopa vibaya sana. Mama yetu alianza na lengelenge la kiatu. Lengelenge likawa kidonda, kidonda kikala kidole, wakakata kidole, wakarudi wakakata mguu, na baada ya hapo hakukaa nasi sana. Mwalimu alichukua mkoba wake, akasema gauni atalifuata siku nyingine, akatoka bila kuaga vizuri. Simlaumu.

Dada ana ugonjwa wa sukari, ule ule wa Mama, miaka mingi, na anaielewa kwa namna yake. Kwake, sukari ni kama mteja mkorofi: akija juu unamtuliza, akinyamaza unamwacha. Mdomo ukimkauka, anameza vidonge. Mdomo usipokauka, vidonge vinakaa kwenye kopo la vifungo, juu ya rafu. "Dawa si karanga," huniambia, "kwamba utafune tu." Nikimwambia nesi amesema kila siku, ananijibu nesi hakai ndani ya mwili wake.

Ila kliniki ikikaribia, mambo hubadilika. Hapo Dada huipiga sukari pasi. Ndivyo anavyosema mwenyewe, kwa sauti, bila haya. Siku chache kabla ya kwenda, hakuna mkate, hakuna wanga, ni majani ya kuchemsha asubuhi na jioni, na vidonge vinamezwa kwa saa kama askari wa zamu. Anafika kliniki sukari imenyooka, nesi anamsifu mbele za watu, naye anarudi dukani na soda mkononi kujipongeza. Wateja hufa kwa kicheko akiwasimulia. Mimi sijawahi kucheka. Tumegombana kwa hilo mpaka tukanuniana, kisha tunarudi kushona, maana duka ni moja na meza zimegusana.

Nilimfunga mguu kwa kitambaa safi, nikafunga duka, tukakodi gari mpaka hospitali. Tulipofika kwenye benchi la kusubiri, Dada akaniinamia sikioni.

"Wakiuliza, sema nameza kila siku."

"Sisemi."

"Pilipili, usinivue nguo mbele za watu."

"Na ukikatwa mguu, utakuwa umevaa nini?"

Niliyajutia maneno yale yakiwa bado mdomoni. Aligeuza uso.

Nesi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine, akaitazama, akarudia kwa kidole kingine. Siku hiyo hapakuwa na pasi. Sukari ilikutwa na mikunjo yake yote. Nesi hakututajia namba. Alitutoa kwenye foleni na kutupitisha moja kwa moja kwa daktari, na watu wote kwenye benchi wakatusogezea miguu yao tupite. Kupishwa kule kulinitisha kuliko ile mashine.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Aliagiza picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga, akaiangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa namwangalia yeye. Mwishowe akasema kwamba kwa jinsi picha inavyoonyesha, usaha bado haujafika kwenye mfupa. Akalirudia lile "bado".

Kisha akamlaza Dada kitandani aitoe ile sindano. Alikuwa na dawa ya ganzi tayari kwenye trei, lakini alipogusa pale kwa koleo na Dada hakushtuka, akasita, akagusa tena kwa nguvu zaidi. Dada alikuwa anatazama dirishani. Daktari akavuta. Kipande kikatoka na usaha, kikagonga bakuli, na Dada akauliza, "Umeanza?"



Alipomaliza kusafisha na kufunga bandeji, daktari alivuta kiti. "Nina mambo mawili," alisema. "La kwanza, dawa. Kwenye kadi yako imeandikwa unameza vizuri na sukari ni nzuri. Leo sukari imepanda sana. Kama kweli unameza, basi dawa hizi zimeshindwa, na lazima nikuongezee, tena nyingi. Kama humezi, nikakuongezea, halafu ukaogopa ukaanza kuzimeza zote kwa pamoja, sukari itaporomoka. Mtu huzimia hapo. Wengine hawaamki. Kwa hiyo nakuuliza, unameza?"

"Kila siku," Dada akajibu.

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Sawa," daktari akasema. "La pili, nataka kujua ganzi imefika wapi. Sehemu isiyosikia ndiyo itakayoumia tena bila wewe kujua. Tukikosea hapo, safari ijayo tutakuwa tunazungumzia kukata."

Akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha. Alimwambia Dada afumbe macho, na kila akisikia ameguswa aseme ndiyo. Sehemu ya bandeji aliiacha, akaanza na vidole vingine.

Uzi ukagusa kidole cha pili, ukapinda. Dada akakaa kidogo. "Ndiyo."

Ukagusa cha tatu. "Ndiyo."

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, asante, bado uko hai.

Daktari akauinua ule uzi, mkono wake ukabaki hewani, mbali kabisa na mguu. Akasubiri.

"Ndiyo," akasema Dada. Akanyamaza kidogo, akihesabu muda wake. "Ndiyo."

Daktari aligeuza macho akaniangalia. Nilijua nikifungua kinywa, vyote vitatoka pamoja, kopo la vifungo, vidonge, soda za kujipongeza, naye ataaibika mbele ya mgeni ilhali aliniomba nisimwaibishe. Nilijua pia nikinyamaza tutarudi nyumbani na furushi la dawa zitakazomuua kitandani, au tutarudi hapa na mguu mweusi. Sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita Dada.

"Dada," nikasema, "hajakugusa."

Hakufumbua macho. "Hata mara moja?"

"Mwanzoni alikugusa. Sasa hivi mkono uko hewani."

Midomo yake ikaanza kucheza. Nilisubiri anitukane. Badala yake machozi yakapenya katikati ya kope zilizofumbwa, yakatelemka hadi masikioni.

"Nilikuwa nabahatisha," akasema. "Naogopa, mdogo wangu. Nikisema sisikii, watachukua mguu wangu, na mimi bila mguu ni nani? Nitashona na nini?"

Tangu utoto wetu sikuwahi kumsikia akisema anaogopa. Nilimshika mkono. Na akiwa amefumba macho vilevile, akamweleza daktari yote: vidonge vya siku ya mdomo mkavu, majani ya kuchemsha kabla ya kliniki, sifa za nesi. Hakuongeza mzaha hata mmoja. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akachana karatasi ya dawa aliyokuwa ameshaanza kuiandika.

"Tutaanza na hizi hizi, zimezwe kila siku," akasema. "Kesho kutwa mrudi nikione kidonda. Sasa turudie mguu. Usinisaidie. Usiposikia, nyamaza."

Uzi ukagusa kidole cha pili. Kimya. Cha tatu, kimya. Cha nne, cha mwisho, kimya. Kila ulipopinda kwenye ngozi nilimwombea aseme, na chumba kikazidi kunyamaza. Ule uongo wa mwanzo ulikuwa umenipa raha, na sasa nilitamani aniongopee tena. Daktari akausogeza uzi nyuma kidogo kidogo, akishuka kuelekea kwenye uvungu wa wayo.

"Hapo," Dada akasema, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie. "Hapo umenigusa."

Ni kweli, alikuwa amemgusa. Daktari akachukua kalamu ya wino wa buluu, akachora mstari mahali pale, kutoka ukingo mmoja wa mguu hadi mwingine.

"Mstari uko wapi?" Dada akaniuliza. Bado alikuwa amefumba macho. Aliniuliza mimi, hakumuuliza daktari.

Nilitaka kumwambia ni karibu na vidole tu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisema hilo.

"Uko katikati ya wayo," nikamwambia. "Mbele yote husikii."

Aliubana mkono wangu mpaka vidole vikaniuma. Kisha akafumbua macho, akajiinua kwa kiwiko, akautazama mguu wake.