Laini Imefika Visimani

Chapati ya nne ilikuwa inafura juu ya kikaango Redempta alipoisikia tena ile sauti nyuma ya nyumba, blup, blup, kama mtu anayesukutua mdomo asubuhi. Hakugeuka. Aliigeuza chapati kwa ncha za vidole, akaipaka mafuta, kisha akapaza sauti zaidi ya ilivyohitajika.

"Ipyana! Unaongezewa supu au umeshiba kwa kuitazama?"

Ipyana, dereva wa bodaboda aliyekuwa anakunywa supu pale kila siku ya Mungu, alikuwa ameziba pua kwa kola ya jaketi lake.

"Supu tamu, mama. Ila leo ina kaharufu kake ka ziada."

Wawili waliokaa naye wakacheka. Wa tatu hakucheka. Aliacha bakuli nusu, akapanda pikipiki yake, akaondoka hata bila kuaga. Redempta alimsindikiza kwa macho mpaka barabara kuu inayokwenda Mlandizi. Mwezi mmoja tu nyuma, saa kama hii, benchi zake nne zilikuwa hazitoshi, watu wanakula wamesimama, wengine wameegemea ukuta, habari za mji mzima zinapita pale: nani kaachika, nani kahamishwa kazi, shemeji wa nani kaonekana Kibaha na nani. Redempta alikuwa hawezi kuishi bila watu. Hata alipohama kwao Mzenga, alisema anakimbia ukimya.

Tatizo lilikuwa choo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitano vya wapangaji na choo kimoja, na mvua za masika zilijaza shimo mpaka likashindwa kumeza. Sasa chemba ilikuwa inatapika mchana kweupe. Alikuwa amemwaga majivu, akamwaga mafuta ya taa, akafunika kwa bati na kulikandamiza kwa tofali. Maji yalipita chini ya bati, meusi, yanateleza taratibu kuelekea jikoni. Na bwana afya alikuwa ameshaleta notisi: ikifika leo saa kumi jioni shimo halijavutwa, mgahawa unafungwa.

"Gari la kunyonya linakuja saa ngapi?" aliuliza Tunu, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyetoka na ndoo mkononi na kitambaa puani. Miaka saba alikuwa pale, walishakuwa ndugu.

"Saa nane. Maulidi kaniahidi, anatoka nalo Mlandizi."

"Laiti ile laini ingekuwa yenyewe, dada."

Redempta alichochea moto. Neno hilo lilikuwa linamchoma kuliko moshi.

Kabla ya mvua, mtendaji wa mtaa, Sixtus, aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Akasimama na faili lake, akasema ofisi ya mji mdogo imepata mradi mmoja tu kwa mtaa mmoja tu. "Sasa nataka niwasikie wenyewe. Laini ipite Visimani, au nikawape wa mtaa wa pili?"

Visimani nzima ilijua laini ni nini. Mwaka jana mafundi walipita wakapiga rangi nyekundu kwenye mawe, wakasema hapa itapita laini kubwa ya majitaka, kila nyumba itaunganishwa, mashimo yatakuwa historia. Kwa hiyo Redempta ndiye aliyeruka wa kwanza, kanga mkononi inapepea. "Laini ije! Tunaitaka laini!" Watu wakaitikia nyuma yake, mikono juu, wengine mikono yote miwili. Karatasi ya mahudhurio ilipozungushwa, alisaini namba moja, kwa ule mkia wake mrefu, kama kawaida yake. Mikutano yote ya mtaa namba moja ilikuwa yake, na alijivunia.

Wiki mbili zilizopita zikaja nguzo mbili nene za chuma. Zikasimikwa kwa zege palepale kwenye mdomo wa kichochoro chao, penye rangi nyekundu. Tunu akawaeleza majirani kwa uhakika kwamba ni za kutolea hewa chafu. Siku ya tatu ikaletwa televisheni pana kama mlango wa gereji, pamoja na bunda la waya. Ndiyo hiyo laini. Kebo ya televisheni ya jamii.

Saa nne, alipoona hakuna mteja mwingine anayeingia, Redempta alivua aproni akaenda ofisini kwa Sixtus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba gari la ofisi. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho."

"Gari halina matairi, mama. Liko juu ya mawe tangu Januari, na wewe unajua."

"Basi nisaidieni kuomba muda kwa bwana afya. Laini tuliyoomba ingekuja, nisingefika huku."

Sixtus alishusha pumzi, akafungua faili, akalisukuma mbele yake. "Laini si imekuja? Soma muhtasari. 'Wananchi kwa kauli moja waliomba laini.' Sahihi ya kwanza ya nani?"

"Yangu. Nionyeshe palipoandikwa televisheni."

"Nionyeshe wewe palipoandikwa majitaka."

Redempta alisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Laini, laini, laini. Ukurasa mzima.

"Televisheni imetajwa kwenye kiambatisho," alisema Sixtus kwa upole, kama anamweleza mgonjwa.

"Tulisomewa hicho kiambatisho?"

"Kiambatisho hakisomwi mkutanoni, mama. Kinaambatishwa."

Kisha akatazama saa. Jioni kulikuwa na uzinduzi wa televisheni, na viti vya ofisi vilikuwa havitoshi.

Maulidi alifika saa nane kasoro, gari lake la kijani linanguruma, tangi limebandikwa maandishi UKICHEKA UTAKUJA KUNIITA. Watoto wakakimbia pembeni. Redempta alipiga kigelegele peke yake, kisha akaona aibu. Gari likapunguza mwendo kwenye mdomo wa kichochoro, likasimama. Maulidi alishuka, akanyoosha mikono kati ya nguzo mbili, akarudi akaipima pua ya gari lake, akatikisa kichwa.

"Hapa nilikuwa napita nikiwa nimelala. Nani kaweka haya magoli?"

"Ni televisheni," alisema Ipyana. "Unapiga penalti ukiwa unatazama mpira."

"Pitia nyuma," alisema Redempta.

"Nyuma ni bondeni, mama. Nikizama huko mtakuja kunitoa kiangazi."

"Mpira wa kunyonyea je? Vuta kutoka hapohapo."

Walivuta mpira, Maulidi na Ipyana, wakaunyoosha kati ya nguzo, ukapita mlango wa kwanza, wa pili, ukafika kwenye kibaraza cha jirani. Ukaishia hapo. Kutoka mdomo wa mpira hadi chemba zilibaki kama nyumba tatu. Redempta aliushika ule mpira akauvuta kwa mikono yake mwenyewe, kana kwamba ungeongezeka.

"Mama, huo si mkufu. Hauna pingili za kuongeza," alisema Maulidi, lakini hakucheka.

Akalisogeza gari kidogo, ajaribu kupita kwa upande. Bampa likagusa zege. Mlinzi wa nguzo akainuka kwenye kivuli.

"Hiyo mali ya umma! Ukiikwangua utalala ndani!"

Maulidi aliukunja mpira wake. Alikataa kuchukua hata pesa ya mafuta, na hilo ndilo lililomvunja Redempta zaidi, maana Maulidi hakuwa mtu wa kusamehe mafuta.

Saa kumi kamili Eliya, bwana afya, alikuja na kufuli jipya. Mara nyingi alikuwa amekula pale, chapati mbili na maharage, akipenda kukaa pembeni ya jiko.

"Karibu, mwanangu. Chapati ya mwisho hiyo."

"Asante, mama. Nimeshiba." Hakumtazama. Alifunga mlango wa jikoni, akabandika karatasi nyekundu, akalamba kidole kulainisha gundi ya pembe moja iliyogoma. "Ukishavuta shimo, uje ofisini na picha. Mimi natekeleza tu."

"Gari litapitia wapi?"

"Hilo si la idara yangu."

Aliporudi uani, Redempta alikuta mlango wa chumba cha mwisho uko wazi. Tunu alikuwa anafunga godoro kwa kamba.

"Usinichukie, dada. Mtoto anaharisha tangu juzi. Mama yangu yuko Kisarawe, kasema niende leoleo."

"Nikuchukie kwa lipi," alisema Redempta. Akamshikia upande wa pili wa godoro, wakalitoa pamoja, wakiruka yale maji meusi.

Alipofika mbele kumsindikiza, alikuta vijana wawili wa ofisini wamebeba benchi zake, mbili kila mmoja.

"Mtendaji kasema leo hazina kazi, mama. Tutarudisha."

Kulikuwa bado na jua uzinduzi ulipoanza. Visimani yote ilikuwa pale. Watu wamejaa kichochoroni kama walivyokuwa wakijaa kwake. Televisheni iliwaka, makofi yakapigwa. Kwenye kioo mwanamke mwenye aproni nyeupe alikuwa anakoroga supu kwenye sufuria inayong'aa. Kwenye benchi za Redempta walikaa wageni wa mji mdogo, leso puani, wanatazama supu.

Karatasi ya mahudhurio ikaanzia kwake. Hakuna aliyeambiwa, mikono ya watu ilizoea tu. Juu iliandikwa: Uzinduzi wa Laini, Mtaa wa Visimani. Redempta alishika kalamu. Hakuandika jina. Baada ya neno laini akaongeza, kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: YA MAJITAKA HAIJAFIKA.

Ipyana, aliyechungulia begani kwake, alipiga mluzi. Sixtus alikuja, akasoma, akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama. Umeharibu karatasi."

"Nimeirekebisha."

"Umeharibu." Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akatoa nyingine kwenye faili, akaweka rula juu ya goti, akapiga mistari, akaandika kichwa cha habari upya. Nyuma ya nyumba chemba ilisukutua, blup, lakini supu ya kwenye televisheni ilikuwa inachemka kwa sauti kubwa zaidi.

Sixtus alifika namba moja. Hakumpa kalamu. Aliandika mwenyewe, taratibu, Redempta, bila kukosea hata herufi, na kwenye nafasi ya sahihi akachora ule mkia mrefu anaoupenda Redempta. Alikuwa ameuona mara nyingi. Kisha akampa karatasi mtu wa pili.