Shati la Kuagia

"Usilibembeleze hivyo, kaka. Shati halijanuna."

Chumba kizima cha pasi kikacheka. Kola hakucheka. Alikuwa amefika kwenye bega la kushoto, pale mshono wa mkono unapokutana na mshono wa mgongo, na hapo mtu hacheki. Akakilaza kitambaa kwa kiganja, akakigusa kwa ncha ya pasi, akainua, akagusa tena.

"Mwacheni," aliendelea Mvuke kutoka meza ya pili, huku akinyunyiza maji kwa vidole kwenye shati lake. "Anaaga useja. Kesho anaoa kiti."

"Au unaolewa nacho wewe," Kola alisema bila kuinua macho.

"Hapo sasa! Mahari nishaandaa."

Walikuwa chini ya hoteli, kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja. Juu ya vichwa vyao wageni walilala kwenye mashuka yaliyonyooka kama maji ya ndoo, wasijue kwamba kuna watu walioyanyoosha. Upande wa pili wa ukuta mashine za kufulia zilinguruma. Kwenye kona kilikuwepo chumba kidogo cha vioo, chenye kiti, meza na feni, na ndani yake alikaa Mzee, msimamizi wao, akisubiri saa zake za mwisho kazini kama abiria aliyewahi kituoni.

Shati la kuagia lilikuwa desturi ya hapo, na hakuna aliyejua imeanzishwa na nani. Msimamizi anapostaafu, wale wawili wanaotajwa kukirithi kiti chake humpigia pasi shati jeupe kila mmoja. Alasiri yeye huchagua moja, hulivaa, hupanda nalo ngazi hadi ukumbini kwenye sherehe yake, na aliyelipiga pasi ndiye hukabidhiwa ufunguo wa chumba cha vioo. Meneja aliwahi kujaribu kuleta mahojiano. Watu walijibu maswali yote vizuri sana, halafu wakashuka chini na kupiga pasi mashati mawili vilevile. Meneja akasalimu amri.

Asubuhi ile mke wa Kola alikuwa amemsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu enzi za uchumba.

"Nimeshamwambia dada yako," alisema akimfuta vumbi lisilokuwepo begani. "Nimemwambia mama mwenye nyumba. Nimemwambia na muuza maziwa. Ukirudi bila hicho cheo, baba, utawaeleza mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa maziwa."

"Na ng'ombe hujamwambia?"

"Nenda huko! Na utabasamu. Wakubwa hutabasamu."

Kola alijaribu tabasamu hilo njiani. Halikumkaa.

Alikuwa na umri ule ambao watu huacha kukuuliza utakuja kuwa nani, huanza kukuuliza mgongo unaendeleaje. Jina la Kola alipewa hapo hapo kazini, kwa sababu kola aliyoipiga pasi yeye ilisimama shingoni hata mwenye shati akiwa amelewa. Kwa miaka mingi alikitaka kile kiti cha ndani ya vioo. Alikitaka hadi akakiota. Ndotoni kilikuwa na magurudumu, ingawa cha kweli hakina. Kila mtu alijua anakitaka, naye alijua wanajua, na hakuona haya.

Halafu siku moja, akipita na kapu la foronya, alitupa jicho mle ndani kwa mazoea, kama mtu anavyopapasa mfuko kuona kama simu ipo. Hakukuta kitu. Kiti kilikuwa kiti. Alirudi akatazama tena baada ya kula, akidhani ilikuwa njaa tu. Kiti, meza, feni. Hamu ilikuwa imeondoka kama mgeni asiyeaga, na yeye ndiye aliyebaki akiitandikia kitanda kila jioni.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mkewe angempeleka hospitali.

Na kama ingekuwa imeondoka na kila kitu chake, angepumua. Lakini ilisahau wivu. Mvuke akisema, "Mimi nikikaa mle, ile rafu ya taulo naihamisha, inatuumiza mabega bure," kitu kilimng'ata Kola chini ya ubavu. Mvuke akimwuliza Mzee jinsi ya kupanga zamu, kiling'ata tena. Alijiuliza usiku kitandani, macho wazi: unamwonea wivu wa nini, na kiti chenyewe hukitaki? Alichopata ni kiungulia.

Mvuke alikuja kazini baada yake, akawekwa kwenye mashine kubwa ya mvuke, ndipo lilipotoka jina hilo. Watoto wake aliwalea peke yake, na mdomo wake aliulea pia. Alipopiga pasi alitoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo kama mtoto anayechora jua. Leo ulimi ulikuwa nje tangu asubuhi.

Ilipokaribia saa ya chakula, mashati yote mawili yalikuwa tayari, yamening'inia kwenye hanga, kila moja na upande wake wa reli. Wenzao walikuja kuyatazama, mikono nyuma, kama watu waliokuja kuona mapacha.

"Hapa Mzee atavaa yote mawili," alisema jamaa wa mashine za kufulia. "Moja juu ya jingine."

"Na lile tumbo? Vifungo vitamtoboa mtu jicho," Mvuke alisema.

Wakaenda kula. Kola alibaki kidogo, akaingia chumba cha kukaushia kuchukua foronya. Joto la mle lilimpokea usoni kama pumzi ya mnyama mkubwa. Mashuka yalikuwa yameanikwa safu kwa safu. Akasikia sauti.

"Asanteni. Kwa kweli... hapana. Ndugu zangu, asanteni. Mimi sina maneno mengi... Muongo wewe, una maneno mengi sana."

Akasogeza ncha ya shuka. Mvuke alikuwa amekaa juu ya kapu lililopinduliwa, mgongo wima, aproni imenyooshwa magotini. Alikunja mguu mmoja juu ya mwingine. Akaukunjua. Akaegemea kitu kisichokuwepo nyuma yake, nusura aanguke, akajicheka mwenyewe kwa sauti ya chini, kisha akainua kidole kwa mtu asiyekuwepo mbele yake na kusema kwa upole wa kikubwa: "Nenda kapumzike, mama. Zamu yako nitaikaa mimi."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa na furaha isiyo na aibu hata kidogo, ya mtu aliyeamini hayuko na mtu.

Kola alilijua lile kapu. Zamani, kabla ya mvi, alilikalia yeye mwenyewe, mumo humo, akajisemesha vivyo hivyo. Alikuwa hata na kikohozi cha kuanzia hotuba. Alisimama akiwa ameshika shuka la watu, na kile kitu cha chini ya ubavu hakikumng'ata tena, kilimtafuna. Angempiga mtu. Angemnyang'anya mwanamke yule hayo machozi, ayapake usoni mwake, aone kama yatashika.

Akatoka bila foronya. Akapita kwenye reli. Mkono wake ukaenda wenyewe, kama mkono unavyoenda kukuna, ukaishika kola ya shati la Mvuke, ukafumba ngumi. Ukakaza. Akahesabu pumzi zake, akaachia.

Kola ikabaki imekunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia.

Alikula chakula chake chote. Hakuijua ladha yake.

Aliporudi alimkuta Mvuke amesimama mbele ya hanga, kichwa upande. Kola alijiandaa: sasa atapiga kelele, atatafuta mchawi, na mimi nitashangaa pamoja na wengine.

"Ona hili shetani," Mvuke alisema. "Kola imelala. Wanga sikutia wa kutosha." Akalivua shati kwenye hanga haraka haraka, akaangalia saa ya ukutani, akatema cheko. "Afadhali! Hata ule mkono wa kulia ulikuwa haujaniridhisha. Hebu nipishe, kaka, nina vita hapa."

Akaanza upya. Akalilowesha lote, akazungusha kidude cha moto cha pasi hadi mwisho, akatoa ulimi nje, akaingia kazini. Alikuwa amechelewa na alikuwa anaimba puani.

Kola akamtazama. Kama lingekuwa langu, alijiambia, ningeliacha hivyo hivyo likiwa limekunjamana, nikaenda zangu kunywa chai.

Alasiri Mzee alitoka kwenye vioo vyake akiwa na suruali ya suti na fulana ya ndani, tumbo mbele. Watu wakasogea karibu. Akalichukua shati la Kola, akalizungusha kwenye mwanga. Akalichukua la Mvuke. Akalisogeza puani, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kola na kukiacha hapo.

"Binti yangu," alisema, "hapa moto ulizidi. Umeona? Imeanza kuingia rangi ya chai ya maziwa."

"Nimeona, mzee wangu."

"Ulikuwa na haraka?"

"Nililirudia. Halikunikaa vizuri mara ya kwanza."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akalivaa la Kola, akaingia ndani kujitazama kwenye kioo. Watu wakapiga makofi. Wakampiga Kola mgongoni, kila mmoja pale pale mgongo unapouma.

Mvuke alikuja wa mwisho, mkono umenyooshwa. Ulikuwa bado na joto la pasi.

"Hongera, kaka. Nakuonea wivu, sikufichi. Leo nitalia mpaka majirani waje kuuliza nani kafa. Kesho nitakuja, utanituma, nitatumika."

"Mimi ndiye ninayekuonea wivu."

"Wivu wa nini? Wa kushindwa?" Akacheka, akapenga kamasi kwenye pindo la aproni, akaenda bombani kunawa uso.

Kola akaitafuta furaha. Alijikung'uta ndani kwa ndani kama mtu anavyokung'uta shuka kutafuta soksi iliyonasa. Haikudondoka. Akafungua mlango wa vioo bila kubisha.

"Mzee, vua."

"Nivue nini?"

"Shati."

Mzee akamtazama kupitia kioo. "Umekuwa mkubwa sasa hivi tu, umeshaanza kutuvua nguo?"

"Lile la Mvuke nililiharibu mimi. Alilimaliza vizuri. Wakati wa kula nikaifinya kola kwa mkono huu. Ndiyo maana akalirudia."

Vidole vya Mzee vilisimama kwenye kifungo cha tatu. Feni ikazunguka.

"Unakitaka cheo kiasi hicho?"

"Sikitaki, mzee wangu."

"Hukitaki!"

"Sina hamu nacho hata chembe. Tangu lini, sijui. Ila sikutaka yeye akitake."

Mzee akakaa kwenye kiti, kikalalamika chini yake. "Nimeona wivu wa kila aina humu ndani," alisema. "Wa zamu, wa meza, wa waume. Huu wako ni mgeni kwangu." Akaanza kufungua vifungo, kutoka juu kwenda chini, polepole. "Utamwambia?"

"Nitamwambia. Akishashuka."

"Mwambie wakati hajashika pasi." Akamtupia shati. "Na mkeo je?"

Kola akalikung'uta shati.

"Huyo sasa ni shauri lako." Mzee akalivaa shati lenye ncha ya rangi ya chai ya maziwa, akainua shingo na kupaza sauti. "Mvuke! Njoo unifunge hiki cha juu, binti yangu, vidole vyangu vimegoma!"

Mvuke akaja na uso uliolowa. Akashika kifungo. Akaona ncha ya kola. Akatoa mlio mdogo mwembamba, kama birika linapokaribia kuchemka, na kifungo kikamponyoka mara mbili.

Wakapanda ngazi wote, Mzee na Mvuke mbele, wengine wakiulizana nyuma yao kwa minong'ono. Chumba kikabaki na Kola.

Shati lake lilikuwa na joto la mwili wa mtu na mikunjo ya tumbo la mtu. Akalilaza mezani, akanyunyiza maji, akaanza na kola kama kawaida. Hakuna aliyelisubiri. Alipofika bega la kushoto, pale penye mishono miwili, makofi yalishuka kutoka juu kupitia dari, mengi, kisha sauti ya mwanamke ikianza kusema, ikikatika, ikianza tena. Kile kitu kikamng'ata chini ya ubavu, pale pale. Akasubiri kipite.

Simu ikatetemeka kwenye ukingo wa meza. Mkewe. Ikatetemeka hadi ikajigeuza upande, ikanyamaza, ikaanza tena.

Kola akachomoa waya wa pasi ukutani. Akaisimamisha wima, kitako chini. Akalilaza shati begani, akasimama akisikiliza juu wakicheka kwa jambo alilolisema Mvuke. Kisha akalowesha ncha ya kidole ulimini, akaigusa pasi usoni, kuona kama itapoa kabla Mvuke hajashuka.

Tsss.

Akangoja. Simu ikatetemeka, ikaacha. Akalowesha kidole tena.