Kichwa cha Wael

...na nikifungua mdomo sasa hivi wembe utanikata, kinyozi wangu Mbengali keshanambia kwa Kiarabu chake, baba, usitikisike, kichwa kimelala nyuma, povu mpaka mdomoni, mikono chini ya shuka, na kiti cha pili kakaa Wael mwanangu, miaka ishirini na mbili, nywele zimemwagikia machoni kama wale waimbaji wa Kikorea, kinyozi wake kashika mashine ananiuliza mimi, "Zero, baba?", kipara kabisa... mimi ndiye niliyemleta hapa Hamriya kunyolewa, mimi niliyesema Alasiri hatwendi kwa kina Hind kuposa na kichwa kile, watatuuliza tumeleta mposaji au biharusi, ami zake wakacheka... dada yake Noof ndiye aliyenijibu, Baba, wewe umebaki na Wakorea wa zamani, wale wa vifua na sura za kijeshi uliokuwa ukiwatazama na Mama kwenye tamthilia, kisha wakaja wembamba, laini, sasa watu wanataka vyote, kifua cha mpiganaji na ngozi ya mtoto mchanga, huko uzuri wa mwanamme unabadilika, nikamwambia kwetu haubadiliki, toka Mtume... astaghfirullah, mimi wa madrasa na darasa la saba kumsemea Mtume, naye tulifundishwa nywele zake zilifika masikioni, akizichana, akizitia mafuta, na leo Ijumaa asubuhi nani alisimama kiooni kujitia wanja, si mimi?... na ile krimu ya Wael ya kung'arisha uso niliyoitupa jaani mbele ya watu wote, ya Rabbi unajua, usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nshaijaribu, kidogo tu, chini ya macho, Rahila akanitazama, "Mume wangu, mbona umeng'aa leo?", nikamjibu, nuru ya udhu hiyo... nimeusingizia udhu, kisha nikamwaibisha mtoto kwa kosa langu... "Mwambie, Baba," Wael anasema, ananitazama kwenye kioo, hana hasira, ananisemesha kama mtu aliyekutana naye foleni, "si ushaamua", na mimi nnataka kusema wacha, mchane tu, mtie mafuta, twende naye hivyo hivyo, lakini wembe uko kooni, nnainua mkono, shuka linafutuka kidogo, Mbengali anadhani nnaona joto, anaigeuza feni inielekee, anarudi kooni, baba, usitikisike, na mashine kule inanguruma juu ya kichwa cha mwanangu, "Zero, baba?"...