Hewa Iliyopasua Jiwe

Drili ilizunguka tu, haikugonga. Chini ya kisima tulichokuwa tunachimba Kwedizinga kulikuwa na jiwe, na baba yangu, Mzee Sufiani, alishaapa: leo lisipopasuka anafukia shimo, turudi kuchota maji bwawani na ng'ombe.

Mimi na kaka yangu Mustapha tukapanda bodaboda hadi Korogwe, dukani kwa Nilesh aliyetuazima ile drili. Akaifungua, akashika kichwa.

"Nani kajaza grisi humu?"

"Mimi," akajibu Mustapha kwa kujidai. "Kiwandani kwetu, mashine za mkonge tunazishindilia mpaka inamwagika."

"Ndugu yangu, umeiziba pumzi!"

Akafuta, akafuta. Nikasogea. Ndani ya silinda kulikuwa na pistoni, mota inaipeleka mbele na nyuma. Mbele yake kipande kingine cha chuma, nyundo yenyewe, na ubavuni mwa silinda kitundu kidogo. Kati ya pistoni na nyundo hamna kitu, hata springi.

"Sasa nyundo inasukumwa na nini?"

"Hewa. Sukuma pistoni uone."

Nikasukuma kwa nguvu. Nyundo ikaruka, ta! Na pistoni haikuigusa! Mustapha akarudi nyuma. "Astaghfirullah!"

Nilesh akabadilisha mpira unaozuia hewa isivuje, akafunga, akaijaribu kwenye jiwe la mlangoni huku kaiegemea kwa uzito wake wote. Ikagonga.

Kufika nyumbani, jenereta ikawashwa. Baba, akiwa shimoni, akaiinua drili juu, akabonyeza. Ikazunguka tu.

"Ndiyo mmetengeneza hii? Nipandisheni! Leteni makoleo!"

Si nimeiona ikigonga kwa macho yangu? Ndipo nikamkumbuka Nilesh alivyoiegemea, na kile kitundu nilichokiona ubavuni mwa silinda.

"Baba, usiishike juujuu! Ikandamize kwenye jiwe. Isipokandamizwa nyundo inateleza mbele, hewa inatorokea kitunduni badala ya kuisukuma."

"Hewa? Hamisa, unanitania?"

"Ikandamize tu, baba, nakuomba."

Akaiegemea. Ardhi ikatetema mpaka kwenye nyayo zetu, vumbi likapanda, baba akapiga ukelele akaiachia. Nikainama kwenye mdomo wa shimo, sioni kitu.

"Baba!"

"Limepasuka," sauti yake ikatoka taratibu, kama haamini. "Limepasuka, jamani! Teremsheni ndoo. Na huyo Mustapha na grisi yake asisogee hapa!"