Koti la Mkono Mfupi

Jumatatu, tarehe kumi na nne Julai. Kulikucha na mawingu ya rangi ya majivu, na manyunyu mepesi ambayo hayakutosha kulowesha nguo lakini yalimzuia mtu kuzianika.

Fundi alikuwa kwenye cherehani tangu alfajiri, akimalizia vifungo. Koti lilikuwa la kitambaa kizito cha buluu, mabaki ya sare za walinzi wa kiwanda. Bitana ilikuwa imepanda bei mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo alikuwa amechana blanketi la kitandani kwake akalitia ndani.

Mama mkwe wake alisimama mlangoni, mtandio begani.

"Kwa hiyo unamshonea mwanangu nguo ya kuondokea," alisema.

"Mama, huko wanakotaka kumpeleka kuna baridi ya kuua. Asipokwenda, tutalicheka koti hili pamoja."

"Unamkatia tamaa."

"Sijamkatia. Nimeomba Mungu usiku kucha asilivae."

"Umeomba huku mguu ukikanyaga cherehani," mama mkwe akasema, lakini akachukua pasi, akalinyoosha koti mgongoni.

Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Safari moja alivuka mpaka na kontena lililofungwa kwa lakiri, akalishusha kwenye ghala, akarudi nyumbani. Baadaye ilijulikana kuwa ndani mlikuwa na dawa bandia, na watu wa nchi ile walikuwa wamezinywa wakafa. Tajiri mwenye mzigo aliyeyuka kama chumvi majini. Aliyebaki wa kukamatwa ni dereva. Nchi ile ilimtaka apelekwe akahojiwe na kushtakiwa huko.

Wakili alikuwa amemweleza Fundi jambo hilo kwa maneno mepesi.

"Hapa hakuna atakayeuliza kama mumeo alijua kilichomo. Hilo watamuuliza wao. Hapa wanauliza kitu kimoja tu: ndiye au siye? Na walichonacho ni jina ambalo watu chungu nzima wanalo, na maneno ya mlinzi wa ghala kwamba dereva yule alikuwa na mkono wa kushoto usionyooka."

"Mbona mkono wake wanaweza kuutazama?"

"Hakimu anataka daktari wa serikali aseme, na daktari ameitwa mara mbili hajatokea. Jumatatu asipokuja, hakimu ameshasema atamwachia. Kwa hiyo mumeo akae, mikono mapajani, basi. Nanyi mfunge midomo."

Fundi alikuwa ameyashika maneno hayo kama sala.

Mahakamani foleni ilipinda hadi kwenye choo. Waliambiwa wasubiri dirisha la kwanza, wakaambiwa si hilo, ni la pili, na la pili likafungwa kwa ajili ya chai. Wakili alipita mbio, joho mkononi, akainama.

"Daktari hajaja," alinong'ona. "Ombeni."

Mama mkwe alifumba macho palepale. Fundi naye akaanza kuomba, lakini zamu yao ya kukaguliwa ikafika kabla hajasema amina.

Askari wa kike alilikunjua koti juu ya meza, akapapasa pindo, akabonyeza kila kifungo.

"Zipu hakuna?"

"Hakuna, afande. Niliambiwa zipu hairuhusiwi."

"Na hii bitana nzito hivi?"

"Blanketi."

Askari alilishika koti mabegani, akalining'iniza. Karibu yake alisimama mpelelezi wa kesi, mtu mpole wa sauti, anayemwamkia kila mtu na kuuliza habari za watoto. Alilitazama koti, akacheka kidogo.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe kwanza. Kisha akageuka. "Dada, kitambaa kizuri, lakini fundi amekuharibia. Tazama, mkono mmoja mfupi. Siku hizi mafundi ni wababaishaji tu, wanakula pesa za watu bure."

Askari naye akacheka. "Angenishonea mimi, angelila hilo koti."

Miaka kumi na sita Fundi alikuwa kwenye cherehani, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo. Usiku ule alikuwa amekata koti kwa kufuata karatasi ya vipimo vya mumewe, ile inayoning'inia kwenye msumari tangu walipooana. Mkasi ulipita pale unapopita siku zote.

"Sijaharibu," alisema. "Ndivyo mkono wake ulivyo."

Mama mkwe alimshika kiwiko, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mpelelezi hakucheka tena. Alilikunja koti taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekunja nguo ya mgeni wake.

"Nitalipeleka mwenyewe ndani," alisema.

Chumba cha mahakama kilinuka rangi mpya na nguo zenye unyevu. Dereva alikuwa kizimbani, mikono mapajani, amekonda shingo. Wakili alisimama kuomba mteja wake aachiwe, kwa kuwa daktari hakufika. Mpelelezi akamnong'oneza mwendesha mashtaka, na mwendesha mashtaka akasimama na koti.

"Mheshimiwa, mke wa mshtakiwa amemletea nguo hii. Amesema mbele ya askari kuwa ameishona kwa kipimo cha mwili wake. Tunaomba aivae."

"Mheshimiwa, koti si daktari," wakili alisema.

"Koti si daktari," hakimu alikubali. "Lakini kuvaa koti hakumdhuru mtu. Avae."

Askari wawili, mmoja wao yule aliyelikagua, walimvisha. Likamkaa. Mabega yalilala vizuri, mgongo haukukunjamana, na pindo la mkono wa kushoto likaishia hasa kwenye kifundo, pale mkono uliopinda ulipoishia. Fundi hakuwahi kushona koti zuri kuliko lile.

Dereva alimtafuta kwa macho.

"Limenikaa, Fundi," alisema kwa upole. "Lina joto."

Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akasoma kwamba amesharidhika kuwa huyu ndiye anayetakiwa, na atakabidhiwa. Akaongeza, akimtazama mama mkwe aliyekuwa akilia bila sauti, kwamba familia isiwe na hofu. Nchi ile imeahidi kesi ya haki, na kumrudisha endapo hatapatikana na hatia.

Fundi alisimama. Karani alimwashiria akae, naye hakukaa.

"Mheshimiwa, aliyeahidi ni nani?"

"Serikali yao."

"Yupo humu ndani, aseme kwa mdomo tumsikie?"

Mtu mmoja nyuma aliguna. Hakimu alimtazama mpelelezi. Mpelelezi akavitazama viatu vyake.

"Mama," Fundi alimwambia mkwewe, "wewe ni shahidi yangu. Na wewe afande uliyelishika koti, na wewe karani. Aliyeahidi hayupo, basi nitaahidi mimi. Mdomo wangu ndio uliompeleka. Kila Jumatatu, Mungu akinipa uzima, nitakuja kukaa kwenye benchi hili, na nitamuuliza huyu bwana mpelelezi mbele za watu: mume wangu yuko wapi? Akihamishwa, nitamuuliza atakayekalia kiti chake. Sitaacha kuuliza mpaka avuke mlango ule akiwa na koti langu mwilini."